Juu ya Gitaa Ni Wapi?

Mpendwa mshauri,

Naomba radhi kwa ukimya wa miaka miwili. Barua yangu ya mwisho ilikuwa ya kusahihisha matumizi yako ya neno "ambaye", nawe hukuijibu, nami nikanuna kwa namna ambayo sasa naiona ya kitoto. Leo naandika kuomba msaada, si kusahihisha.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na hakuna ukurasa ulioingia mtamboni kabla ya kalamu yangu nyekundu kuupitia. Marehemu mke wangu alikuwa mwalimu wa muziki. Aliacha, ndani ya bahasha ya kaki, kurasa nne za muziki alioutungia magitaa mawili, ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia, na sasa shule aliyofundisha itafungua chumba cha muziki kwa kumbukumbu yake, wiki tatu kuanzia leo, nao wameiomba familia ipige muziki huo. Gitaa la pili ni la mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliyekuwa mwanafunzi wa marehemu na sasa anafundisha katika nafasi yake. Gitaa la kwanza nilisema nitapiga mimi, ingawa nilijua kusoma noti za nafasi tatu za mwanzo tu za shingo ya gitaa, zile zilizo karibu na kichwa chake, na gitaa la kwanza linakaa juu karibu muda wote.

Basi nikajiunga na darasa la mkwe wangu la saa kumi jioni, nikakaa kwenye kiti kidogo kati ya wanafunzi kumi na wawili. Siku ya pili akanionyesha noti ya E, akasema, "Baba, hii unaweza kuipata sehemu nne." Nikamwambia kwamba neno moja lina tahajia moja. Akatabasamu, akasema, "Haya, tuendelee. Panda juu, baba." Nikapandisha mkono hadi kwenye uzi mnene, ulio karibu na kidevu changu. "Siyo huko, baba, juu!" Nikashika ukingo wa gitaa. "Baba, juu ni huku," akasema, akiuvuta mkono wangu kando, kuelekea tumboni. Wanafunzi wakacheka. Mshauri, nilisimama. Nilisema kwamba juu ni upande wa dari na chini ni upande wa sakafu, na huko anakokuita juu ni kando; kisha nikasema, na hapa ndipo ninapoona haya, "Mwalimu asiyejua juu na chini atamfundisha nani?" Mkwe wangu akafunga daftari lake, akasema, "Sawa, baba. Kwa leo tuishie hapo." Leo hiyo sasa ina miezi minne. Ananiamkia kila Jumapili, ananiuliza hali ya goti langu, lakini neno gitaa halitamki.

Nikajifunza peke yangu. Kwanza nilibandika vikaratasi vyenye majina ya noti kwenye shingo ya gitaa, nikajikuta nasoma vikaratasi badala ya muziki, nikavibandua vyote. Kisha nikachukua uzi mmoja kwa wiki moja, nikizitaja noti kwa sauti bila kutazama mkono, kama nilivyokuwa nikisoma prufu, ile nakala ya majaribio kabla ya kuchapa, neno kwa neno, mpaka nikamaliza nyuzi zote sita. Nikaitafuta ile E. Uzi wa kwanza ukiachwa wazi, ipo. Uzi wa pili, nafasi ya tano, ipo. Wa tatu, nafasi ya tisa, ipo. Wa nne, nafasi ya kumi na nne, ipo, nzito kidogo, kama mtu yuleyule anayezungumza kutoka chumba kingine. Nikacheka peke yangu jikoni, kwa sababu maisha yangu yote nimeliacha neno "kaa" liwe kaa la moto, kaa wa majini na kaa kitako, wala sijawahi kulidai liwe na makao mamoja. Tangu siku hiyo niliacha kuuliza noti inakaa wapi, nikaanza kuuliza imetoka wapi na inakwenda wapi, na vidole vikajua vyenyewe pa kuishika.

Na Jumanne iliyopita, mshauri, niliweza! Ukurasa wa tatu una noti zilizotoka kabisa nje ya mistari mitano, zikaning'inia kwenye vijistari vya nyongeza, kimoja, viwili, hadi vitatu; nikapanda juu mpaka nafasi ya kumi na mbili, ambako kila uzi unaanza upya majina yake yote, nikarudi bila kukosa hata noti moja. Fundi cherehani wa jirani, aliyenivumilia nikikosea miezi yote minne, alisimamisha cherehani yake, akapaza sauti dirishani, "Mzee! Leo umefika!" Kule juu, mshauri, hewa ni nyingine.

Lakini muziki ni wa magitaa mawili, na langu likipigwa peke yake ni nusu ya mazungumzo. Baba mkwe anamwombaje radhi mkwewe bila kujishusha? Nimtume mwanangu? Au nimwandikie barua fupi, iliyosahihishwa vizuri?

Msahihishaji Mstaafu

*Mshauri anajibu:*

Mzee wangu, barua yako ya "ambaye" bado ninayo. Ulikuwa sahihi, nami nilikasirika wiki nzima. Tumelipana hapo.

Hongera. Watu wa nusu ya umri wako huishia nafasi ya tatu, kisha gitaa linakuwa pambo la ukutani. Wewe umezisoma zote, peke yako, na goti bovu. Pokea hongera hizo kwa mikono miwili, maana sasa nakugombeza.

Leo kalamu nyekundu ninayo mimi. Umeandika "nikapanda juu". Umeandika "kule juu hewa ni nyingine". Ulikuwa darini, mzee? Ulikuwa hapo hapo kando, karibu na tumbo, ukapaita juu kwa sababu sauti ilikuwa juu. Mkwe wako alisema la masikio, wewe ukalipima kwa macho. Neno "kaa" umelipa nyumba tatu. Neno "juu" ukalinyima ya pili, tena mbele ya watu.

Unauliza utaombaje radhi bila kujishusha. Haiwezekani. Kupanda umeshajua, sasa jifunze kushuka. Usimtume mwanao, kwani ulimi uliosema haukuwa wake. Usiandike barua, maana utaisahihisha mpaka radhi yenyewe itoke. Nenda kesho saa kumi, wanafunzi wakiwapo, kwa sababu wao ndio waliosikia. Kaa kwenye kiti kile kile kidogo. Na usithubutu kusema "kama nilikukosea". Unajua vizuri hilo "kama" linafanya nini katika sentensi. Sema "nilikosea": nafsi ya kwanza, wakati uliopita, nukta. Kisha fungua ukurasa wa tatu upige, bila maelezo.

*Wiki tano baadaye aliandika tena:*

Mpendwa mshauri,

Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti kidogo, nikasema, "Nilikosea," nikapiga ukurasa wa tatu. Hakuna aliyecheka. Mkwe wangu akasema, "Rudia, baba."

Nikarudia, kwa sauti zaidi: "Nilikosea."

"Siyo hilo, baba. Hilo limetosha. Ukurasa wa tatu!" Akachukua gitaa lake, akaingia na sehemu yake kwenye mstari wa pili, na kwa mara ya kwanza nikasikia mke wangu alikuwa akimjibu nani.

Siku ya ufunguzi tulipiga kurasa zote nne. Mwishoni magitaa yote mawili hukutana kwenye E moja, mkwe wangu kwa uzi ulio wazi, mimi kwa uzi wa nne, nafasi ya kumi na nne. Ndivyo marehemu alivyoandika pembeni kwa penseli. Noti moja, sehemu mbili, na hakuna aliyekosea. Ukumbi mzima ulisimama. Fundi cherehani alipaza sauti kutoka nyuma, "Mzee! Tena!" Tukapiga tena.

Nina sahihisho moja. "Juu" zangu hazikuwa mbili bali tatu. Moja umeiruka, iko katika aya ya pili.

Sasa mkwe wangu anataka niwafundishe wanafunzi wake kusoma noti za juu, kila Alhamisi, kwa sharti kwamba kwa saa nzima nisisahihishe Kiswahili cha mtu yeyote. Noti naziweza. Sharti bado nalipima. Nikishaamua, nitakuandikia.

Msahihishaji Mstaafu