Mke Wangu Amekataa Kupanda Volkswagen Yangu

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, maana mke wangu Nabwire amenichosha na gari ndiyo imetufikisha hapa. Mimi ni karani Eldoret lakini tunakaa Turbo, na mwaka jana nilinunua Volkswagen kuukuu, ile ya mgongo wa kobe, ambayo injini yake iko nyuma na haitumii maji bali hupozwa na upepo, watu wakanicheka eti hiyo ni gari ya kiangazi, haiwezi baridi na matope yetu, basi nikaamua kuwaonyesha. Nilitia matairi ya matope, nikaziba kila tundu la mlango na dirisha kwa mpira wa tyubu, na lile bomba linaloleta joto ndani kutoka kwa injini, lililokuwa limeoza kwa kutu, nikalifunga mwenyewe kwa bati na waya, na sasa hata Julai ndani ni joto kama jikoni.

Badala ya kushukuru, Nabwire alikuwa akifungua dirisha, mimi nafunga, yeye anafungua tena, tunagombana mpaka mjini. "Baba Wanyama, hii gari yako inaniumiza kichwa, inataka kunitapisha," aliniambia mbele ya watu. Hata mimi kichwa huniuma lakini najua ni kazi ya ofisi. Tangu mwezi jana amekataa kabisa kupanda, anangoja basi kwenye mvua majirani wakitazama, aibu gani hii? Anayeipenda gari ni mtoto wetu Wanyama peke yake, bado ananyonya, ambaye mimi humpeleka kila asubuhi kwa dadangu Musimbi huko mjini: nyumbani ni kilio, lakini tukishaondoka analala fofofo, mpaka Musimbi humwamsha kwa maji usoni. Sasa Nabwire anasema atamchukua mtoto aende naye kwao hadi niuze gari. Mshauri, nimfundishe vipi adabu mke wa namna hii?

Walubengo, Turbo

Walubengo, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikitetemeka. Umenieleza matairi, mpira na bati, ukaniuliza habari ya adabu, na jambo lenyewe ukalitupa mwishoni kama maganda ya ndizi. Mtoto anayeamshwa kwa maji usoni hajalala, baba! Amelewa moshi.

Sikiliza, wewe fundi wa kujipa cheo. Joto la gari hilo hutoka kwenye mabomba yale yale yanayopitisha moshi wa injini. Yakioza, moshi huja ndani pamoja na joto, na sumu yake haina harufu wala rangi. Bati lako na waya havizuii kitu. Halafu ukaziba kila tundu ambalo lingeutoa! Hicho kichwa unachosingizia ofisi, hebu jiulize kama huuma Jumapili ukishinda shambani. Mkeo alikuwa anafungua dirisha ili mpumue, nawe unaniuliza namna ya kumfundisha adabu.

Najua ulitaka watu wako wasilowe na wasipate baridi, na kwa hilo nakupa pole. Lakini mwanamke amekwambia kwa kinywa, amekwambia kwa dirisha, mwisho amekwambia kwa miguu yake. Ulikuwa unangoja akwambie kwa matanga?

Gari lisimame leo. Livutwe kwa kamba hadi kwa fundi anayezijua Volkswagen, abadilishe mabomba yote ya moshi na ya joto, siyo kuziba viraka. Mpira wa madirishani ung'oe. Hata likishapona, dirisha moja liwe wazi kidogo kila safari, na watu wavae sweta. Baridi ya Turbo sisi sote tumekua nayo. Wanyama mpelekeni hospitali, kule Plateau au iliyo karibu, mkamweleze daktari habari ya moshi bila kuficha, nawe upimwe pia.

Ukitoka huko, mwombe Nabwire msamaha mbele ya majirani wale wale unaowaonea aibu. Akitaka kwenda kwao, mpe nauli ya basi. Na mtoto mpe sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti hili.