Warushaji Uliowaacha Kasha

Papa Zihindula,

Maman Nsimire ndiye aliyenituma nikuandikie. Jumapili baada ya misa nilipita kwenu Nyalukemba kumsalimu, nikakaa kwenye kiti chako bila kufikiri, kisha nikashtuka nikasimama. Mke wako akaniambia nikae tu. Akaniletea chai, akanitazama, akaniuliza kwa nini tangu mechi na watu wa Goma simwangalii machoni. Nikaikoroga chai. Ndipo akasema, "Kama miye unashindwa kuniambia, basi mwandikie yeye."

Basi nakuandikia. Nakujua. Ungekuwa hapa, ungenikatiza kwenye mstari wa pili na kuniambia niseme lile nililolijia. Leo nivumilie.

Kwanza habari. Famasi inaendelea, binti yako anakaa pale kwenye kaunta na watu wanamheshimu, ingawa wazee bado wanamwuliza kama ameweka dawa ileile uliyokuwa ukiwapa wewe. Uwanja wa Kasha bado upo. Tuko wachezaji ishirini na wawili. Kuna watu Bukavu hii ambao hawakuwahi kuamini kwamba kriketi ingebaki baada yako, na imebaki.

Lakini imebadilika, Papa. Ule mkeka wa magunia wa kudundia mpira alioushona Murhula kwa cherehani yake tumeuondoa. Tumetandika mkeka wa plastiki, laini kama meza. Kwenye magunia mpira ulikuwa na akili zake, ukigonga mshono unakata kulia, ukigonga shimo unalala. Sasa unaruka sawasawa kila mara, na mpigaji anausubiri kama mtu anayesubiri sahani ya fufu. Bate za kupigia nazo ni nene siku hizi. Zamani mtu akiukosea mpira kwa ukingo wa bate, alidakwa. Leo anaukosea na bado unavuka kamba ya mpaka, anapata pointi zake, anachekelea. Vijana wanaangalia mechi za India kwenye simu, na wanachoonyeshwa ni mipira inayoruka juu ya watu tu. Mwaka mzima hakuna aliyekuja kwangu akasema, nifundishe kurusha.

Nakumbuka ulivyotufundisha sisi wawili, mimi na Murhula, ulipotoka India na diploma yako ya famasi na mipira mitatu myekundu kwenye valisi. Ulikuwa unaweka chini kifuniko cha kopo la dawa, unasema mpira ugonge pale. Mimi nilitaka kurusha kwa nguvu, ili mtu aogope. Uliniambia, "Mupira haina haraka, Cishugi. Ni mutu njo iko na haraka." Murhula alikuelewa siku ileile. Mimi sikukuelewa, nikawa mpigaji. Hukunikasirikia. Ulisema tu kwamba wapigaji hupigiwa makofi na warushaji hushinda mechi, na kwamba nisisahau nusu ya pili.

Na hospitalini, siku uliyoniambia kuchagua timu sasa ni kazi yangu, ulirudia hilo. Ulikuwa umechoka, ulikuwa unavuta pumzi kati ya neno na neno. Ulisema nichague watu kwa kutazama mechi yenyewe, nisitazame makofi. Kisha ukasema nisiwaache warushaji peke yao. Nilikushika mkono nikasema ndiyo, Papa.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Watu wa Goma walituandikia kwamba watavuka ziwa na bato, wakae siku nne. Walitaka mechi mbili. Ya kwanza Jumamosi, ile fupi, kila timu ova ishirini za mipira sita sita, na mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova nne. Ya pili Jumatatu na Jumanne, ile ndefu uliyoipenda wewe, kila timu inapiga mara moja mpaka watu wake wote watoke, hakuna kuhesabu ova. Nilijua mara moja kwamba hizo ni mechi mbili za watu tofauti. Kwa fupi unahitaji wapigaji wa nguvu na miguu ya haraka. Kwa ndefu unahitaji mtu anayeweza kusimama saa tatu bila kutoka, na mtu anayeweza kurusha mpira ule ule mara mia.

Tonton Bisimwa, shemeji yako, ndiye presida wa komite ya timu sasa. Alisema tuchague timu moja tu, ya wapigaji, kwa mechi zote mbili, maana watu wa Kasha watakuja kuona mipira ikiruka na wasipoiona hawatarudi. Tulibishana. Mwishowe nilikubali nusu: orodha mbili, lakini majina karibu yaleyale. Na kwenye ile fupi nilimwondoa Murhula.

Nilikuwa na sababu. Ana miaka arobaini na miwili, goti lake la kushoto unalijua, na mipira yake ya polepole kwenye ule mkeka mpya ingepigwa. Hata leo naona sababu zile zilikuwa za kweli. Ila sikupanda kwake Cimpunda kumwambia. Niliandika orodha kwenye kundi la WhatsApp, nikaweka simu mfukoni. Miaka ishirini na mitano tuliyocheza naye, na alisoma jina lake halipo akiwa kwenye cherehani, kati ya sare za shule za watu. Alijibu neno moja. "Nimeona."

Kuna jambo jingine nililolifanya, Papa, na hili Maman Nsimire halijui.

Ijumaa asubuhi, tonton Bisimwa aliniambia kamba ya mpaka iko mbali mno. Alisema tuisogeze kidogo. Yeye alisema tu, kisha akaenda kazini. Mimi ndiye niliyeing'oa. Nilikuwa peke yangu uwanjani na ukungu ulikuwa haujatoka ziwani. Niling'oa vigingi kimoja kimoja, nikaivuta kamba ndani hatua kumi pande zote, nikavigongelea upya. Alama ya mpaka uliyoiweka wewe kwa chokaa ilibaki nje, kwenye majani. Nilijiambia kwamba kamba ni ileile kwa timu zote mbili, kwa hiyo si wizi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Akina mama waliuza samaki wa sambaza na maandazi ya beignets mpaka vikaisha. Wapigaji wetu walipiga kama kwenye simu, na mimi nilipiga kuliko wote. Goma walikuwa na mrushaji mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye mvi. Papa, mkono wake. Alivyogeuza kiwiko kabla ya kuuachia mpira, nilidhani ni wewe. Alinidanganya mara tatu, nikaupiga mpira vibaya, juu, mahali ambapo zamani mtu angesimama na kuudaka bila shida. Mara zote tatu uliangukia nje ya kamba. Pointi sita, sita, sita. Watu wakaimba jina langu.

Wakati wa mapumziko, mwalimu yule alitembea kutoka kwenye vijiti anavyolinda mpigaji mpaka kwenye kamba akihesabu hatua. Alinijia, akaniambia kwa adabu kwamba uwanja wetu ni mdogo kuliko alivyosikia. Nilimwambia, "Njo vile iko, mwalimu." Aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa na wenzake.

Goma nao walipopiga, walimkuta mrushaji wetu Akonkwa. Unamkumbuka, yule wa chuo kikuu, uliyemfundisha mwaka wako wa mwisho ukiwa umekaa kwenye kiti. Katika ova moja, mipira sita tu, alipigwa nje ya kamba mara tano. Watu walikuwa wakimcheka, watu wetu wenyewe. Tulishinda kwa pointi chache. Nilibebwa mabegani. Nilipowekwa chini nilimkuta Akonkwa nyuma ya ukuta akiwa amejifunika uso kwa jezi. Aliniambia, "Kapiteni, miye nataka kujifunza kupiga. Kurusha iko kazi ya kuchekwa." Maman Nsimire alikuwa upande wa pili chini ya mwavuli wake. Hakuwa amepiga makofi hata mara moja.

Jumapili nilipanda Cimpunda. Murhula alinipa kiti, mke wake akanipa maji. Nilimwambia namhitaji kwa ile mechi ndefu. Alimaliza kukunja pindo la shati alilolishika, akakata uzi kwa meno.

"Leo iko siku murefu, njo unanikumbuka," alisema. "Kesho ikikuwa mufupi, utanisahau tena."

Nilisema samahani kwa ile orodha. Alisema hakukasirikia orodha, maana hata yeye asingejichagua. Alikasirikia kuambiwa kwa simu. Kisha akasema atakuja, lakini nisidhani anakuja kwa ajili yangu. Anakuja kwa sababu Akonkwa alimpigia simu akilia.

Jumatatu tulipiga sisi kwanza, na ndipo nilipoona nimechagua nini. Wapigaji wangu walijua kitu kimoja tu. Hakuna aliyejua kukaa, kuzuia, kuacha mpira upite. Mwalimu yule wa Goma aliwarushia polepole, wakamrukia, vijiti vikaanguka. Kabla ya saa nane tulikuwa tumetoka wote. Na mimi nilitoka kwa mpira wa tatu, nikitafuta sita.

Murhula ndiye aliyetufufua. Alirusha Jumatatu jioni mpaka mvua ikatufukuza, akarusha Jumanne tangu asubuhi, goti limefungwa kitambaa. Alimweka Akonkwa upande wa pili na kati ya ova alikuwa anamwendea, anamwonyesha vidole vinavyoshika mshono. Akonkwa alitoa watu watatu. Murhula alitoa sita. Kwenye ule mkeka laini, Papa, bila mashimo, bila ujanja wa magunia. Alitumia subira peke yake. Watu wa Kasha waliokuja kutaka mipira ya juu wakaanza kuangalia mikono yake. Hiyo ndiyo mechi uliyotaka tuione.

Goma walibakiwa na mtu wao wa mwisho, na walikuwa wanahitaji pointi nne. Aliyebaki kupiga alikuwa mwalimu. Si mpigaji. Murhula alimrushia mpira mzuri kuliko yote aliyorusha siku ile, mwalimu akadanganyika, akauinua juu kwa ukingo wa bate. Akonkwa alikimbia chini yake, akirudi nyuma, mikono wazi. Aliufikia. Aliudaka. Na kisigino chake kikakanyaga kamba.

Kwa kamba ya zamani angekuwa bado na hatua kumi. Kwa ile yangu ilihesabiwa sita, na mechi ikaisha.

Akonkwa alibaki amekaa pale na mpira mkononi. Murhula alimwendea akichechemea, akamwinua. Kisha akaona ile chokaa kwenye majani nyuma yao. Alirudi mpaka tulipokuwa tumesimama, mimi na tonton Bisimwa, akauliza nani alisogeza kamba.

Tonton alinitazama. Alikuwa ananiachia nafasi, nadhani.

Nilisema, "Ni komite."

Murhula alitikisa kichwa. Kisha, Papa, akaniwekea mkono begani, mkono ule uliorusha siku mbili, vidole vimechubuka. "Basi si kosa lako, kapiteni," aliniambia. "Na wewe walikuzidi."

Hicho ndicho kinachonifanya nisimwangalie mke wako machoni. Kushindwa najua kushindwa, ulitufundisha mapema. Lakini alinifariji. Wiki tatu sasa ananifariji. Jumatano iliyofuata akaniletea suruali yangu ya mchezo aliyoishona bila kuombwa, akaniambia nisijisumbue, tutaongea na komite. Na mimi nikasema asante.

Nimejiuliza kama ni mchezo uliobadilika au ni mimi. Labda vyote. Mkeka, bate, simu, hayo sikuyaleta mimi na siwezi kuyarudisha. Hata mechi fupi siichukii; vijana wanaipenda, na watu ishirini na wawili wa Kasha wasingekuwepo bila hiyo. Lakini kamba nilivuta mimi, kwa mikono yangu, asubuhi, hakuna aliyenishika. Na mwalimu wa Goma nilimdanganya usoni, akiwa na mkono wako.

Papa, nikuage hapa kabla sijaanza kujitetea tena. Lala kwa amani pale Mungu alipokuweka. Maman Nsimire yuko salama, halali na njaa, hayuko peke yake; hilo tutaliangalia sisi.

Na ninakuahidi hivi. Kesho baada ya kazi napanda Cimpunda. Sitamngoja Murhula anyamazishe cherehani wala atume watoto nje. Nitamwambia ni mimi, mbele ya mke wake, na nitakaa nisikie atakachosema mpaka amalize. Kisha nitamwandikia mwalimu wa Goma. Na orodha ya timu, kama Murhula atanikubali tena, tutaiandika wawili. Kama hatanikubali, ataiandika yeye.

Mwanao,
Cishugi