Mwaga Yale Maji ya Majivu

Mwaya, ukingoni mwa Ziwa Nyasa

Mdogo wangu mpenzi Eliza,

Salamu nyingi kutoka huku mbali. Mguu wa mama umepona? Na wewe, hujambo na maandalizi ya harusi? Mimi ni mzima, nimenona kwa ndizi na wali, na mume wangu Ambakisye ananipenda hata naona haya kuandika. Akirudi kutoka kazini bomani huniita kabla hajafika mlangoni, na moyo wangu huruka kama siku ile kanisani.

Lakini Eliza, ile dawa ya kulaza nywele niliyokuandikia, ya maji ya majivu ya maganda ya ndizi na mafuta, usipake! Niliisifu kabla ya kuijaribu, mjinga mimi.

Nilitaka Ambakisye azione nywele zangu zimelala kama hariri. Mafuta ya nguruwe sikuyapata, nikatumia ya kambare. Uvundo wake! Kichwa kikaanza kuwasha, nikasuuza mapema. Loo! Kulia zimelala kama manyoya ya mbuzi aliyenyeshewa, kushoto kipilipili kile kile, kisogoni utelezi kama mlenda. Nzi walinifuata hadi kisimani.

Kesho yake nikashika chungu nirudie. Wifi yangu Tupokigwe, dada yake Ambakisye, akanidaka mkono. "We wifi, unataka kubaki na kichwa cha boga? Lete kwanza hizo nywele zilizonasa kwenye kichana."

Akazitumbukiza katika dawa, tukakaa kumenya ndizi. Alipozivuta hazikuwa nywele tena. Zilikuwa kamasi, zinaning'inia kidoleni. Nilitapika, Eliza, kando ya chakula cha mchana.

"Haya, rudia sasa," akasema, anacheka.

Alinisuuza kwa maji matupu mara nyingi mpaka utelezi ukaisha. Kisha maziwa mgando, maana uchachu hupunguza ukali wa majivu, kisha maji tena. Kambare na maziwa yaliyochacha, hebu vuta harufu hiyo! Akapaka samli kidogo kwenye nywele, vidonda vilivyochomwa na dawa hakuvigusa, akanisuka mabutu makubwa yasiyobana. Dawa marufuku. Nywele mpya zikiota, tutapunguza hizo zilizoharibika kidogo kidogo.

Huku mke haonekani na baba mkwe. Akimsikia anakuja, hujifunika na kuchutama pembeni. Desturi hiyo nilikuwa nikiinung'unikia sana. Jana nilisikia kikohozi chake, nikajifunika gubigubi migombani, tena kwa furaha. Akasimama mbali, akamwambia Ambakisye, "Mkeo ana adabu. Ila mwambie asifiche samaki waliooza kwenye nguo."

Ambakisye alicheka hadi akakaa chini. Tulipoingia ndani alinifungua kitambaa mwenyewe, mkono mmoja puani, wa pili ukashika butu la kushoto, lile ambalo dawa haikuliweza. "Hizi ndizo nilizoziona kanisani," akasema. Nililia, mdogo wangu, kwa uvundo na kwa raha.

Basi imwage, mbali na kuku. Kama umeshapaka, usirudie. Fanya kama Tupokigwe. Nisalimie mama, baba mdogo fundi seremala, na bibi mzaa mama. Mchumba wako naye mwambie akutazame vizuri hivyo hivyo ulivyo.

Mimi dada yako, ninukaye na nipendwaye,
Raheli