Jina Chini ya Vanishi

Shangazi Thelma mpendwa, naomba msaada wako na naomba unifichie jina, maana mji wetu ni mdogo na mume wangu husoma ukurasa wako gazetini hata kabla ya matokeo ya raga, na jambo lenyewe ukilisikia utaniona mtoto, lakini limenikaa kooni na sina mwingine wa kumwambia.

Mume wangu, tumwite Royce, hutengeneza fimbo za kuvulia samaki kwa mkono, na nasema kwa majivuno kabisa kwamba pwani yetu yote hii hakuna anayezungusha uzi kama yeye, zile pete za kupitishia mshipi anazifunga kwenye fimbo kwa uzi mwembamba wa rangi, duara kwa duara, hakuna pengo hata la unywele, na akimaliza huwa namwita jirani aje ajionee. Lakini uzi mtupu haudumu baharini, Shangazi, chumvi na jua vinaula, lazima ufunikwe kwa vanishi, na vanishi ni mimi. Ni mimi ninayefunga madirisha na kumtoa mbwa nje, nikafuta kila kitu kwa spiriti kwa sababu alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuifanya vanishi ikimbie na kuacha mashimo, nikachanganya zile chupa mbili, ya vanishi na ya dawa ya kuigandisha, taratibu ili hewa isiingie, nikapaka huku mota ikiizungusha fimbo polepole, nikapitisha moto mdogo kwa chini mpaka viputo vyote vipasuke, kisha nakaa papo hapo kuilinda, maana mota ikisimama kidogo tu vanishi inashuka na kuning'inia kama kamasi. Yangu haijawahi kuning'inia. Inakaa kama kioo, unauona kila uzi ndani yake, na kila nikiitazama nasikia raha moyoni, siwezi kukuficha.

Sasa, desturi ya watengeneza fimbo ni kuandika jina kwa wino karibu na mpini, vanishi inapita juu yake, na jina hilo halifutiki tena. Fimbo zetu zote zinasema Royce. Sikujali, au nilijidanganya kwamba sijali, mpaka juzi kwenye nyama choma ya klabu ya wavuvi, jamaa mmoja kutoka mji wa Ballina aliposhika fimbo yetu, akaigeuza juani, akamwambia mume wangu, "Kaka, mng'ao huu unaupataje? Yangu mimi hutoka na mapovu kama bia!"

"Ah, ni mkono tu, bwana," Royce akasema.

Mimi nilikuwa nyuma yake na sinia la soseji. Wal, rafiki yetu wa siku nyingi, akaangua kicheko. "Mkono wa nani, we mzee? Sema kweli, mkeo huyo hapo nyuma!"

"Haya, haya, yaishe," Royce akasema. "Mama huyu huwa ananisaidia-saidia kupaka."

Kupaka! Kama vile napaka siagi kwenye mkate! Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaendelea kugawa soseji huku machozi yananilenga.

Na sasa kuna fimbo ya zawadi ya tamasha letu la uvuvi, atakabidhiwa jukwaani atakayemtoa samaki mulloway mkubwa kuliko wote, na ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya Royce, uzi wa buluu unaingia kwenye uzi wa dhahabu hujui umeingilia wapi. Jina lake ameshaliandika, na Jumamosi hii fimbo inaningoja mimi niipake vanishi. Mawazo yanapigana kichwani mwangu, niandike langu kimyakimya chini ya lake, kwa kuwa macho yake hayaoni tena vizuri vitu vya karibu na hataliona mpaka vanishi imeshakauka, na hapo halitoki bila kukata uzi wote, au niache viputo makusudi aaibike mbele za watu, au nipake kama kawaida na ninyamaze, maana ni mume mwema, huniletea chai kitandani, na kugombania jina katika umri wetu huu ni kituko. Nifanye nini, Shangazi?

Mke wa fundi, Iluka

*

Mke wa fundi, pole. Halafu nikuulize: fundi ni yupi? Unanililia kwamba jina lako halionekani, na barua yenyewe umeitia saini kwa kazi ya mumeo! Nimekufichia jina kama ulivyotaka, ingawa hapa Iluka asiyewajua ninyi ni mtalii.

Viputo vya makusudi usinitajie tena. Mvuvi atakayeshinda amekukosea nini? Na wewe mwenyewe ungelalaje ukijua kwamba ukutani kwake imetundikwa kazi mbaya uliyoifanya makusudi? Hukuzaliwa kuharibu kitu. Majivuno yako nayapenda, yashike hivyo hivyo.

Na jina la kuandika kwa kujificha pia silitaki. Hilo ni jina la mtu aliyeiba, na wewe hujaiba kitu cha mtu. Mimi nina fimbo ya kwenu nyumbani. Niliwahi kumsimamisha Royce posta nikamsifia ule mng'ao, naye akanishukuru kwa tabasamu. Sifa ile naihamisha leo, ije kwako inakostahili. Maana nimeitazama upya baada ya barua yako, na nimeona kwamba kila anayeusifu uzi wa Royce anautazama kupitia kazi yako.

Lakini nimesoma barua yako yote nikitafuta mahali ulipomwambia Royce, sikupaona. Ulicheka, ukagawa soseji. Mumeo si mwizi, dada yangu, amezoea tu, na wewe ndiye uliyemzoesha.

Basi fanya hivi. Jumamosi, kabla hujafungua chupa hata moja, mwite mezani mchana kweupe. Mwambie: "Royce, lete kalamu. Andika na langu." Kisha funga mdomo. Usijieleze, usicheke, usimwambie kwamba si lazima. Mimi namjua, nadhani atatafuta miwani yake na ataandika.

Akianza kunung'unika, mpe brashi. Mpe na spiriti, mpe na moto, mchukue mbwa mkavue pale kwenye ukuta wa mawe unaozuia mawimbi. Atakuja kukutafuta na vanishi kwenye viwiko, na akija usirudi, hata kumshikia taa tu. Kuanzia leo, fimbo isiyo na jina lako isiguswe na mkono wako.