Nimeruka Kurasa za Kisimani

Adila, leo nimeumbuka! Si unajua namsomea mama mkwe ile riwaya ya msichana wa leo anayerudi nyuma karne nyingi, hadi Kaole ya kale?

Kila akirudi huko, anakutana na bwana yuleyule kisimani. Yuleyule! Maneno yaleyale! Leo nikachoka, nikaruka kurasa.

Mama akaacha kuchambua mchele. "Naila, kisima kiko wapi?"

KISIMA KIKO WAPI, shoga! Nikamwambia, "Mama, tumeshakwenda mara tatu."

"Mbona pilau yangu unakula kila Ijumaa? Umewahi kuniambia umeichoka?"

Mawifi wakaangua kicheko. Nikarudi kisimani, nimenuna.

Basi mara hii bwana hakutokea. Hakutokea, Adila! Nikalia mpaka nikashindwa kusoma.

Mama akanipa upindo wa kanga yake nijifute. "Haya, anza tena mwanzo."