Antena Si Mashua

Baba Chamima,

Nimekwenda shamba. Wali umo chunguni. ~~Jogoo mchinje, wageni kutoka Namoto wanafika jioni.~~ Wageni wakaangie samaki.

Mwezi mzima umenilaumu kuwa kamba yangu ya nguo ndiyo iliyoua redio yako. Leo asubuhi nimekifungua kile kiungo cha waya chini ya antena. Kumbe ulikitia kalafati ya pamba na mafuta ya papa, kama mashua! Maji ya mvua yameingia kwa juu, yamekosa pa kutokea, shaba yote imekuwa kijani. Nimekata kipande kilichooza, nikasugua, nikaunga upya, nikazungushia utepe wa mpira. Kamba yangu ipo palepale.

Kisha nikawasha. Wallahi! Mtu wa Brazil, kwao bado usiku, alikuwa akiita kwa Kireno. Nikabonyeza kitufe cha kusemea, nikataja jina lako la redio, nikasema naita toka huku kwetu Palma. Akaniita bibi kwa Kireno, akauliza polepole: "Dona, huyo ni jogoo anayewika hapo kwenu?"

Nchi zote hizo na bahari yote ile, subhanallah, na bado kamsikia.

Basi asichinjwe.

Mama Chamima