Vidole Vitano Ndani ya Miwani

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Goti limepoa? Na Baba, bado anapeleka mahindi Tororo na lile lori bovu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo, na siku nzima hupita sijasikia mtu akiongea lugha yetu.

Kazi yangu sikukueleza vizuri kwa simu. Tunatengeneza kitu kama mkanda wa saa, tunakiita bangili. Unaivaa mkononi, unavaa na miwani kubwa inayofunika macho yote, unajikuta kwenye dunia ya kutengenezwa. Ukifunga ngumi, mkono wa kule ndani nao unafunga. Mimi ndiye mjaribuji. Nilikuwa nikitumia mkono wa kushoto tu. Wa kulia niliuficha ndani ya sweta tangu nilipofika.

Jumanne msimamizi wetu, mwanamke mpole, akaniambia, "Leo jaribu wa kulia."

"Haufai. Vidole viwili vilikatwa na mashine ya kusaga nikiwa mdogo."

"Bangili haitazami vidole, inasikiliza misuli. Wewe jaribu."

Nikavaa. Akaniambia nikunje na kukunjua vyote, hata visivyokuwepo. Mama, niliona vidole vitano! Vikakunjuka mbele yangu, cha mwisho kikitetemeka. Nililia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Kisha nikashika kikombe cha mle ndani. Kikainuka, lakini sikuhisi joto wala uzito. Hapo nikakukumbuka wewe. Ulikuwa ukiushika mkono huu kwa nguvu kila tulipovuka mpaka kwenda sokoni, nami kwa aibu nikijichomoa. Leo ningeuacha mkononi mwako kutwa.

Siku ya Idi uliniomba tena msamaha, eti siku ile ya ajali uligeuka kumpimia mteja unga. Usiombe tena, Mama. Ulikuwa umenikataza kuigusa mashine. Nilisubiri ugeuke, ndipo nikapeleka mkono. Nimekuachia mzigo huo miaka yote kwa kuogopa kusema.

Nisalimie Baba, na shangazi Mariamu wa Rubongi aliyenifundisha upya kushona baada ya ajali, na Mama Nekesa, jirani yetu mwenye shamba Dabani.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Hata kama ni kwa kunigombeza, nipigie tu.

Ni mimi binti yako,
Zaituni